Hata Bret Hart asingeiokoa WCW

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Jinja aliandika hivi karibuni kwamba kampuni ya mieleka ya Marekani, WCW, isingekufa laiti ingemtumia mwanamieleka Bret Hart inavyostahili. Barua yake nimeisoma mara mbili hapa dukani, katikati ya wateja, na nimeshindwa kunyamaza. Bret nimempenda tangu utotoni. Lakini kwa hilo, ndugu yangu wa Jinja, sikubaliani nawe.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 14, na mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video hapa Busia, karibu na mpaka. Kuta za mbao, mabenchi sita, gunia limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Nilikaa hapo mlangoni na kopo, nikikusanya shilingi mia mbili mbili. Wateja wetu wakubwa walikuwa vijana wa bodaboda, enzi hizo boda ni baiskeli, waliokuwa wakivusha abiria na mizigo kwenda upande wa Kenya. Kanda zilikuja kwa matatu kutoka Nairobi, zimechelewa miezi, nyingine zimenakiliwa hadi nyuso zinayumba. Hawakujali.

Aliyekuwa akiwaleta ni Sting, mwanamieleka wa WCW. Kwa zaidi ya mwaka mtu yule hakupigana. Alikaa juu darini, uso umepakwa nyeupe na nyeusi, akimwangalia Hulk Hogan na genge lake la nWo wakifanya watakavyo. Vijana waliotoka jasho kutwa nzima walilipa kumtazama mtu anayesimama tu! Kila kanda mpya swali lao lilikuwa lilelile: leo anashuka?

Kanda ya Starrcade, onyesho kubwa la WCW, ya Desemba 28, 1997 ilipotufikia, mjomba alipandisha kiingilio hadi mia tatu na bado watu wakasimama nje, wakichungulia kwenye nyufa. Hogan akamwangusha Sting, akamlalia, mwamuzi akahesabu moja, mbili, tatu. Mieleka hiyo hupangwa kabla, na ilitakiwa ahesabu upesi upesi ili ionekane ni wizi. Akahesabu kama kawaida. Kisha akatokea Bret Hart akidai Sting ameibiwa, pambano likaanza upya na Sting akashinda. Mjomba akarudisha kanda nyuma mara mbili ili tuuone huo wizi. Hatukuuona. Kibanda kizima kilikuwa kimya, unasikia jenereta tu. Kijana mmoja alipokuwa akitoka aliniambia kwa upole, "Dada, sijui nilikuwa nangoja nini." Hela yake hakuidai, ila kanda iliyofuata hakuja, na wenzake wengi hawakuja.

Sasa tazama. Bret alikuwa ametoka kwa mahasimu wao, WWF, wiki chache tu baada ya pambano la Montreal, Novemba 9, 1997, mwenye WWF, Vince McMahon, alipoagiza kengele igongwe na mkanda wa ubingwa ukachukuliwa ilhali Bret hakuwa amesalimu amri. Wapenzi wa mieleka kila mahali walikuwa upande wake. Mtu wa namna hiyo anakuja kwako na machungu ya kweli kifuani, nawe unamwingiza mwishoni mwa pambano la watu wengine, avuruge kilichokwisha kuvurugika. Hapo ndipo msomaji wa Jinja anaposema wangemtumia vizuri. Nami namuuliza: wangemtumia vizuri akina nani? Ni walewale!

WCW haikuwahi kukosa nyota. Mwaka 1998 walikuwa nao Hogan, Sting, Ric Flair, Randy Savage, Kevin Nash, Bret na Goldberg, wote chini ya paa moja. Goldberg huyo alimshinda Hogan Julai 6, 1998 mjini Atlanta mbele ya watu zaidi ya 40,000, pambano ambalo watu wangelilipia kwa furaha, nao wakalionyesha bure kwenye televisheni. Desemba mwaka huohuo wakamwangusha kwa kumpiga shoti ya umeme, mkanda ukaenda kwa Nash. Januari 4, 1999 Hogan akamgusa Nash kwa kidole kifuani, Nash akajiangusha, na mkanda ukarudi kwa Hogan. Mkataba wa Hogan ulimpa kauli juu ya mapambano yake mwenyewe. Nyota mpya angepita wapi?

Na Steve Austin, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa WWF? Walikuwa naye. Walimfukuza mwaka 1995 akiwa majeruhi. Kuna wanaosema angebaki angewatajirisha, lakini Austin tunayemjua alizaliwa kule alikopewa kipaza sauti na kuachwa aseme. Angebaki WCW angebaki yuleyule wa zamani, mzuri wa kumfungulia mwingine ukumbi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Desemba 19, 1999 Goldberg alimpiga Bret teke la kichwa, Bret akapata mtikisiko wa ubongo. Usiku uliofuata akapanda tena ulingoni, na akaendelea kupanda hadi Januari. Mwaka 2000 akastaafu, na Oktoba kampuni ikauvunja mkataba wake. Huyo ndiye nyota wa kuokoa kampuni! Mwaka huohuo wao walipoteza zaidi ya dola milioni 60. Kisha mkubwa wa televisheni, Jamie Kellner, akaamua kwamba mieleka haionyeshwi tena kwenye vituo vyake, na waliotaka kuinunua wakarudi nyuma, maana kampuni ya mieleka bila televisheni ni ukumbi uliofungwa. McMahon akainunua kwa bei ya kutupa. Onyesho la mwisho la Nitro, kipindi chao cha kila wiki cha televisheni, lilikuwa Machi 26, 2001, na pambano la mwisho lilikuwa la Sting na Flair. Mjomba alikuwa ameshauza deki wakati huo.

Nayaandika haya kwa sababu ya vijana wetu wa Mukono wanaopigana mieleka kwenye tope, ulingo wao umezungushiwa nguzo za mianzi, na ambao video zao zimezunguka dunia. Zamani Wamarekani walimchukua mtu wa Mississippi, James Harris, wakampaka rangi usoni wakamwita Kamala, Jitu la Uganda, na WCW nao walimtumia mwaka 1995. Leo Uganda ina wanamieleka wake wa kweli, na kila ninapokaa na watu nasikia wanasema vijana hawa wanahitaji staa mmoja tu wa kuwafikisha mbali. Staa watampata, mimi sina shaka kabisa. Nimeona msichana mmoja kwenye simu ya binti yangu akiruka kutoka juu ya mianzi, nikasimama dukani nikapiga makofi.

Akitua vibaya je? Mhariri, naomba mtume mwandishi Mukono. Asiwaulize nani bingwa. Awaulize siku mtu akigonga kichwa nani anamzuia kurudi ulingoni, na hospitali nani analipa.

Muuza vitenge,
Busia, Uganda