Barua kwa wenye ploti na makeateka wa Nakuru

Ndugu zangu mnaoshika funguo za vyumba vya kupangisha, kuanzia Kaptembwa na Rhonda hadi Langalanga na Free Area, salamu.

Mtu anafika langoni akiulizia chumba. Anaonyeshwa, bei inakubaliwa, kisha anatoa kitambulisho. Jina linasomwa, kabila linajulikana, na papo hapo chumba kinakuwa "kimeshachukuliwa". Wengine hata kitambulisho hawaulizwi: rasta zimewaponza, au koti la bodaboda, au mtoto mgongoni na hakuna mume kando. Sababu mnazitaja bila haya: hawa hawalipi kodi, wale ni wezi, na wale wengine ukimpa mmoja watalala kumi.

Tazameni dhana hiyo inavyojilisha yenyewe. Wa kabila jingine akichelewa wiki moja, mnasema, "Si niliwaambia kuhusu hawa watu?" Wa kwenu akichelewa wiki hiyohiyo, maskini, amefiwa. Kosa moja limeandikiwa kabila zima, la pili limeandikiwa mtu mmoja. Na waliolipa tarehe mbili kila mwezi hamwakumbuki, maana anayelipa kwa wakati hana habari ya kusimuliwa.

Basi shikeni daftari. Andikeni namba ya mlango, siku kodi inapodaiwa, siku iliyolipwa, kiasi, na sababu aliyotoa aliyechelewa. Kabila msiandike. Baada ya miezi sita someni safu ya sababu. Mara nyingi mtakuta kuchelewa kunafuata jinsi mtu anavyopata pesa: mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi mlimdai tarehe 25, kibarua alikosa kazi mvua iliponyesha, wa bodaboda pikipiki ilikuwa kwa fundi. Januari karo humbana kila mzazi. Mengi ya hayo yana tiba. Kibarua wa chumba cha 4,000 akubaliwe kulipa 1,000 kila Jumamosi kwa Jumamosi nne, na kila malipo yapate risiti.

Mpangaji mpya aulizwe maswali yaleyale anayoulizwa kila mtu: kazi gani, pesa huingia lini, mtaishi wangapi, mbona unahama. Majibu yaandikwe kabla ya kutazama kitambulisho. Halafu pigia simu alikotoka. Usiulize kama ni mtu mzuri. Hilo kila mtu hujibu ndiyo. Uliza alikuwa akilipa tarehe ngapi, ameacha chumba katika hali gani, na kama angerudi mngempokea. Tahadhari: anayetaka kumwondoa mpangaji msumbufu anaweza kumsifu ili ahame upesi. Ikiwezekana, mtafute mwenye nyumba wa kabla ya huyo.

Dipoziti iwe moja kwa wote. Kuna ploti ambako wa jina fulani hudaiwa miezi miwili na wa nyumbani haombwi hata shilingi, na huyo wa nyumbani akihama usiku hakuna pa kukatia deni. (Ndugu wa damu ndiye mgumu kudai kuliko wote, lakini hilo hamtaki kulisikia.) Piga hesabu pia. Chumba cha 5,000 kikikaa kitupu miezi miwili ukisubiri jina unalolipenda, umepoteza 10,000 bila kudhulumiwa na yeyote.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa kabila, dini au hali ya ndoa, na imetaja mavazi pia, kwa hiyo koti la bodaboda limo. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na hapa Nakuru hakuna haja ya kueleza ilitokana na nini. Januari ya mwaka huo, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu walihama mitaa kwa makabila, jirani akimkimbia jirani aliyekuwa akimwazima jiko. Ploti ya kabila moja mnaiona salama. Mwaka wa uchaguzi, ploti hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuonyeshwa kidole kutoka barabarani.

Kwa makeateka wenye magrupu ya simu: ujumbe wa "msiwapokee watu wa upande fulani" ufuteni, na aliyeutuma aulizwe ni mpangaji yupi, mlango upi, deni kiasi gani. Akikosa jibu, hakuwa na habari. Akiwa nalo, basi ni deni la mtu mmoja, na mwenye kulidai ni mwenye nyumba wake.

Na mpangaji akichelewa, mwendee mapema, kabla tarehe tano haijapita, mlangoni kwake, kwa sauti ya kusikika na ninyi wawili tu. Muulize lini na kiasi gani, majibu yaandikwe kwenye daftari mbele yenu nyote wawili, naye atie sahihi. Kabila lake lisitajwe pale, wala kwenye korido mkishaachana.

Mimi mzee wenu,
Nakuru