Mwana, umeziacha kweli zile dawa?

Shoga yangu Mwana,

Salamu nyingi. Mie mzima, watoto wazima, mama mkubwa anakusalimu na anauliza lini utamrudishia ile kanga, haya hayo tuyaweke pembeni maana leo sikukuandikia kwa salamu. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza niko maabara, ya pili nimo kwenye bajaji narudi Makorora, ya tatu usiku watu wamelala, na kila nikifika pale unaposema umeacha dawa za pailori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, siku ya tano kwa sababu "sie Waafrika hatupati kansa ya tumbo" nashindwa kuendelea.

Yani Mwana siku ya tano! Dozi ya siku 14!

Alafu kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo ulilosoma si uongo mtupu. Ni kweli pailori yuko kwenye matumbo ya karibu nusu ya watu duniani, na huku kwetu ndo wengi zaidi, ila kansa ya tumbo inaonekana chache kuliko ungetegemea, wataalamu wenyewe wameliita fumbo la Afrika. Lakini hawajasema fumbo hilo ni kinga. Kuna wanaosema sisi kansa hatuioni tu, maana mashine ya kuingiza kamera tumboni ziko ngapi huku? Mtu anaumwa tumbo miaka, anakunywa juisi ya kabichi, anazikwa, watu wanasema alirogwa.

Ngoja nikueleze, na usiruke hapa. Huyu bakteria ametoka Afrika pamoja na binadamu, kama miaka 58,000 iliyopita, na kila watu walikokwenda naye akabadilika huko huko, ndo maana wanasayansi wakisoma jeni zake wanajua huyu wa Afrika, huyu wa Ulaya, huyu wa Asia Mashariki. Wapo wenye jeni inaitwa kagA, hao ndo wakali, na ile kagA ya kina Japani na Korea ni kali kuliko ya Ulaya, na kule kansa ya tumbo ni nyingi kweli. Kwaiyo ndio, bakteria wanatofautiana kufuata kabila na asili za watu, hapo umesoma sawa.

Sasa sikiliza ya Kolombia. Kuna mji wa pwani unaitwa Tumaco, watu wake wengi asili yao Afrika, na kuna Túquerres huko milimani, wengi ni wenyeji wa asili wa bara la Amerika, kutoka mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 200 tu. Karibu wote wana pailori. Ila kansa milimani ni kama mara 25 ya pwani! Mwaka 2014 watafiti wakatoa majibu, wameangalia asili ya mtu na asili ya bakteria wake, wakaona bakteria mwenye asili ya Afrika akikaa kwa mtu mwenye asili ya Afrika haharibu sana, lakini huyo huyo akiingia kwa mtu wa milimani anachoma tumbo vibaya. Yani tatizo ni vile wawili hao walivyokutana, hawajazoeana.

Ndo nakuuliza shoga, wewe ni nani? Baba yako Mdigo wa Duga, bibi yenu mzaa mama Mshihiri, umelelewa Lushoto mpaka darasa la nne kwa mama mlezi wa Kisambaa, na pailori huyu watu wengi wanamchukua utotoni, humo humo nyumbani, kwa mama, kwa mlezi, kwa ndugu wa kulala kitanda kimoja. Utajuaje aliyemo tumboni mwako ni wa ukoo gani? Pwani hii tumechanganyika tangu enzi za majahazi, mie mwenyewe napima vinyesi vya watu kila siku na kipimo chetu kinasema yupo au hayupo, basi, hakisemi katoka wapi wala ana kagA au hana.

Na hata tuache kansa. Baba Salehe kansa ilimhusu nini? Kidonda cha tumbo kilitoboka, wiki mbili tu, unakumbuka tulivyokimbizana na bajaji usiku ule. Kidonda kinaweza kutoa damu kimya kimya, unaona choo cheusi kama lami unadhani ni mchicha. Alafu wewe unameza na diklofenaki kwa ajili ya mgongo, hizo nazo zinachubua tumbo, mbona hukumwambia daktari?

Najua dawa zinachosha, mdomo mchungu kama umelamba sarafu, na kichefuchefu juu. Lakini ukikatisha, waliobaki wanaweza kuwa sugu, na mara ya pili dawa zile zile zisifanye kazi. Nenda kwa yule daktari mweleze ukweli, usianze tena mwenyewe kwa vile ulivyobakisha. Ukimaliza subiri wiki nne upime kwa choo, sio kwa damu maana ya damu inaweza kusema unaye hata kama ameshaondoka, na wiki mbili kabla ya kipimo omeprazo, ile ya kupunguza asidi, usinywe.

Nauli kama ni tatizo sema, nitatuma leo leo, tusianze kuoneana haya.

Haya nijibu. Tumbo linauma saa ngapi, ukiwa na njaa au ukishakula? Choo rangi gani, usinifiche. Umepungua? Hadija anasema gauni la harusi limekupwaya, kweli? Vidonge umebakiza vingapi? Na mama yenu aliwahi kupimwa? Nipigie picha ya boksi la dawa unitumie kabla hujalala.

Wako,
Zuhura