Barua kwa Zuhura: anza na kile kipande cha babu

Madison, 14 Oktoba 2023

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi huku sijambo, wasiwasi ni kwako wewe unayerekodi sauti za dakika saba ukiwa juu ya bodaboda. Ile ya Jumatano nimeisikiliza mara mbili, nusu yake upepo mtupu, lakini nimekupata: unataka kuomba uzamivu wa historia Marekani, madirisha yanafungwa Desemba, na umenitumia barua yako ya nia niisome. Nimeisoma. Nakujibu kwa maandishi ili uwe na kitu cha kunisutia baadaye.

Umeanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya historia." Futa. Usiirekebishe, ifute yote. Mwaka wangu wa kwanza wa kuomba nami nilianzia utotoni, nikamalizia na kuleta maendeleo kwa jamii yangu, nikatuma vyuo sita. Vyote sita vikanikataa. Majibu yalikuja Februari na Machi, yote yamevaa sare: waombaji walikuwa wengi, tunakutakia heri. Nililia hadi dada akadhani kuna msiba. Sasa nimekaa huku miaka mitatu ndio nimeelewa. Wale walimu wa kamati wana rundo la mafaili na nafasi za kuhesabika kwa vidole, na kila faili lina mtoto aliyependa historia. Wao wanamtaka mtu mwenye swali, anayejua swali lake litajibiwa kwa kusoma nini, wapi, na kwa lugha gani.

Na wewe swali unalo, ila umelifukia ukurasa wa pili, aya ya mwisho, kama mtu aliyeficha hela ndani ya mchele. Umeandika kwamba babu yako aliletwa Tanga kutoka Kasulu kukata mkonge, basi, ukahamia kwenye utandawazi. Zuhura! Mbona kile kipande chake, kadi yake ya kazi ya shambani, nilikiona? Kwenye msiba wa mjomba wako, bibi alipovuta kisanduku cha bati kutoka mvunguni akitafuta hati ya kiwanja, kikatoka na kikadi kimekunjwa mara nne, wino umefifia ukawa rangi ya chai. Vijumba 30 vya siku 30 za kazi, na 11 tu vimetiwa alama. Ukamuuliza, "Bibi, mbona hakumaliza?" Bibi akacheka hadi kanga ikamdondoka: "Alikuja kumalizia kwangu."

Hilo ndilo ombi lako, shoga. SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri manamba, yaani vibarua wa mkataba, ilianza mwaka 1944, na mtu wa mkataba aliletwa kwa gharama zao na kurudishwa kwao mkataba ukiisha. Babu hakurudi. Kwa karani wa shamba huyo ni mtoro. Kwa bibi ni bwana harusi. Sasa wangapi waliandikwa watoro kwenye daftari huku kijijini wakiitwa wakwe? Nani aliwapa mashamba ya kulima? Walihesabiwa lini kuwa wenyeji, au mpaka leo bado ni "watu wa kuja"? Swali la namna hiyo mtu anaweza kulifanyia kazi miaka sita na asichoke, na linamgusa hata asiyejua Korogwe iko wapi. Ukishaliandika aya ya kwanza, aya ya pili sema utakavyolijibu: mafaili ya idara ya kazi ya mkoloni pale Nyaraka za Taifa, Dar, na wazee wa Korogwe na Muheza ambao kila mwaka tunawazika wawili watatu.

Na lugha! Kiswahili, Kisambaa na Kiha umeviweka mstari wa mwisho wa wasifu wako, baada ya Microsoft Word. Huku kuna wenzangu wanasoma Kiswahili darasani mwaka wa pili na bado wananiuliza kwa nini gari ni "la" na magari ni "ya". Wewe Kiha unamjibia babu bila kufikiri. Kipandishe juu. Na usimwonee haya bibi kama chanzo. Chuo hiki changu cha Wisconsin ndiko alikofundisha Jan Vansina, Mbelgiji aliyewabishia wanahistoria mpaka wakakubali kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi, mradi uyahoji kama unavyohoji karatasi.

Sasa barua za mapendekezo. Zinatakiwa tatu, na hapa ndipo nilipoumia. Mwalimu wangu mmoja, simtaji, aliniambia "hamna shida" mlangoni kwa ofisi yake, kafunikwa na mitihani ya watu mia tatu, nami nikaondoka na furaha yangu. Chuo hakiulizi barua kwako, kinamtumia yeye kiungo kwa barua pepe. Kile kiungo kilikwenda kwenye anwani ya chuo ambayo hakuwa ameifungua tangu muhula uliopita. Machi ndio nikajua kwamba mafaili yangu manne yalisomwa yakiwa na barua mbili tu. Kosa langu pia: sikuuliza. Wewe nenda mwezi huu huu, mwenyewe, na bahasha. Ndani yake weka wasifu, rasimu ya barua ya nia, orodha ya vyuo na tarehe zake, na ile kazi uliyomwandikia yeye, yenye maandishi yake mekundu, maana asipokumbuka ulichofanya ataandika kwamba una nidhamu na unawahi vipindi. Muulize anafungua anwani ipi. Wiki moja kabla ya tarehe mpigie, mwamkie vizuri, mkumbushe. Si kumsumbua. Mitandao ya maombi inakuonyesha barua ipi imeingia na ipi bado, iangalie.

Kazi ya kuonyesha uandishi wako: usipeleke tasnifu nzima ya shahada ya kwanza. Wengi wanataka kurasa 20 au 25 hivi. Chukua sura yenye mahojiano, itengeneze isimame peke yake. Ile sura ya mapitio ya maandiko iache ilale.

Umesema kwanza utafute uzamili ndipo uzamivu. Kwetu ndivyo, huku si lazima. Mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba uzamivu moja kwa moja, na pesa ziko huko: idara nyingi zinakusamehe karo na kukulipa posho, kwa kawaida miaka mitano, nawe unafundisha semina za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Uzamili mara nyingi unaulipia mwenyewe. Mtu akikupa nafasi ya uzamivu bila ufadhili, mshukuru na umwache nayo. Posho yenyewe usiifikirie kama utajiri. Ni bumu lililochangamka, na karibu nusu yake inaliwa na kodi ya chumba.

Ada za kuomba ni dola 75 na kupanda kwa kila chuo, yaani karibu laki mbili zetu. Usiuze kitu. Andikia ofisi ya udahili mapema, sentensi nne tu, uombe msamaha wa ada. Mimi mwaka wa pili niliomba vyuo vitano, vitatu vikanisamehe. GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, idara nyingi za historia zimeacha kuidai. Mtihani wa Kiingereza, uliza kila chuo: kuna vinavyokubali barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza, kuna visivyotaka hata kusikia. GPA yako ya nne nukta moja iandike kama ilivyo, juu ya tano, usijigeuzie mwenyewe kwenda kwenye nne zao. Ukipata, weka akiba ya viza: dola 185, imepanda Juni mwaka huu kutoka 160, na nyingine 350 za kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni kabla ya kwenda ubalozini. Hizo hakuna anayekusamehe.

Usitazame majina ya vyuo, tazama watu. Kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta nani pale anaandika kuhusu kazi, uhamaji, Afrika Mashariki. Mwandikie barua fupi: mimi fulani, swali langu hili, je, mwakani unapokea wanafunzi? Niliandikia tisa, wakanijibu watatu, na mmoja wa hao watatu ndiye msimamizi wangu leo. Wengine nawasalimia kwenye makongamano kama hakuna kilichotokea.

Na usiweke mayai yote Marekani. Kampala kuna MISR, taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, ambako Mahmood Mamdani alianzisha uzamivu wa kusoma darasani kwanza kabla ya utafiti, na nauli yake ni ya basi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, mwaka huu inafunga mapema Novemba, ila ni uzamili wa mwaka mmoja, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Ile kazi yako ya maktaba inahesabika.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama kuna ajira baadaye: chache, hata kwa wenyeji wa huku. Njoo kwa sababu ya swali la babu, na njoo ukiwa na sweta. Majani yameshakuwa mekundu na mwezi Januari watu wanatembea juu ya ziwa.

Majibu yakija, huna haja ya kujibu kabla ya Aprili 15, hata wakikuharakisha. Lakini hayo ya mbele.

Kwa sasa nataka rasimu mpya kufikia Jumapili ijayo, kurasa mbili, babu yuko mstari wa kwanza. Na nenda kwa bibi na simu yako, upige picha kile kipande pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha. Nakumbuka nyuma kulikuwa na mwandiko wa penseli na hatukuusoma.

Ni mimi shogayo,
Mwanaidi