Kibodi ndogo zisizotumia waya zipimwe kwa safari na kwa kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie kifaa ambacho wauzaji wa kompyuta, hasa wale wa Kariakoo ambao matangazo yao hutufikia huku bara kupitia simu, wanakinadi kwa picha za taa za rangi na maelezo machache mno: kibodi ndogo ya gemu isiyotumia waya. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tabora, na wanaoniuliza kuhusu kibodi hizi karibu wote ni wa aina moja. Ni vijana wanaosoma Dodoma, Dar es Salaam au Mwanza, wanaorudi nyumbani likizo kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati wakiwa na begi moja la mgongoni, na ambao kibodi ileile wanayochezea Counter-Strike 2, gemu ya kufyatuliana risasi, usiku ndiyo wanayoandikia ripoti ya mafunzo kwa vitendo asubuhi. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, naona sifa za kibodi hizi zimepangwa kichwa chini miguu juu. Kinachotajwa mwisho, au kisichotajwa kabisa, yaani idadi ya vitufe, namna ya kuunganisha na uwezekano wa kuitengeneza ikiharibika, ndicho kilichostahili kutangulia.

Nianze na vitufe, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua ukubwa. Kibodi kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe 104, na ile iliyoondolewa sehemu ya namba ya mkono wa kulia ina 87. Chini ya hapo zipo zinazoitwa za asilimia 75, ambazo nyingi zina vitufe 84, za asilimia 65 zenye vitufe 68 hivi, na za asilimia 60 zenye 61. Tofauti ya 68 na 61 inaonekana ndogo, lakini miongoni mwa vitufe vinavyoondoka ni vile vinne vya mishale, na anayehariri ripoti ndefu atagundua mapema kwamba kushika kitufe cha Fn pamoja na herufi fulani kila anapotaka kurudi nyuma neno moja ni adhabu. Mchezaji wa gemu hana shida hiyo, kwa sababu mkono wake wa kushoto unakaa kwenye W, A, S na D, na nafasi inayobaki kulia anaitumia kwa kipanya. Kwa uandishi wa Kiswahili wenyewe hakuna kinachopungua hata kwenye kibodi ya vitufe 61, maana herufi zote zipo na ritifaa ya ng'ombe ipo mahali pake. Anayeshinda kwenye Excel ndiye anayepaswa kufikiri mara mbili, kwa kuwa F2 na F4 anazozitegemea hazina kitufe chake katika 61 wala katika 68; huyo achague 84 na akubali begi kuwa zito kidogo.

Kuhusu uzito, tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Logitech G915 kamili ina gramu 1,025, na ndugu yake G915 TKL yenye vitufe 87, iliyotoka mwaka 2020, ina gramu 810. SteelSeries Apex Pro Mini Wireless ya mwaka 2022, yenye vitufe 61, ina gramu 543, na Asus ROG Falchion yenye vitufe 68 ina gramu 520 hivi. Hata hivyo uzito peke yake haumalizi habari ya kubeba. G915 TKL ni nzito, lakini unene wake ni milimita 22 tu, hivyo inalala vizuri kando ya kompyuta mpakato, ilhali zile ndogo zenye swichi (kifaa kilicho chini ya kila kitufe) za urefu wa kawaida zina unene wa karibu milimita 40 na hutuna ndani ya begi. Falchion inakuja na kifuniko kigumu cha plastiki kinachofunika vitufe vyote wakati wa safari, na Logitech G Pro X 60 ya mwaka 2024 inakuja na kasha lake. Mimi nakipa kifuniko hicho thamani kubwa kuliko taa zote. Aliyesafiri kwa basi kati ya Juni na Oktoba, wakati vumbi la mikoa yetu linapoingia hata kwenye begi lililofungwa zipu, ataelewa sababu.

Sasa nifike kwenye jambo linalotumiwa zaidi kuhalalisha bei, yaani kasi. Kibodi zisizotumia waya huunganishwa kwa njia mbili: kwa kipokezi kidogo cha USB cha mawimbi ya gigahezi 2.4, au kwa Bluetooth. Kibodi nzuri ya gemu inayotumia kipokezi hupeleka taarifa kwenye kompyuta mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja, wakati iliyo katika kiwango cha kawaida cha mara 125 hupeleka kila milisekunde 8. Siku hizi zipo zinazotangazwa kufikia mara 8000, ingawa katika baadhi yake, kama Corsair K70 Pro Mini Wireless, kiwango hicho hupatikana waya ukiwa umechomekwa. Namba hizo ni za kweli, lakini zinapaswa kuwekwa mezani pamoja na namba nyingine mbili. Skrini ya kompyuta mpakato ya kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 na ushei, kwa hiyo muda usiofika milisekunde moja uliookolewa na kibodi hauna pa kuonekana. Tena, seva za Valve, kampuni yenye Counter-Strike 2, zilizopo barani Afrika ziko Johannesburg, na data ya mchezaji wa Tabora kwa kawaida huteremka kwanza hadi Dar es Salaam ndipo iingie kwenye mikongo ya baharini kama SEACOM na EASSy. Safari hiyo peke yake hula makumi ya milisekunde, na jioni ambayo mtandao umelemewa hula zaidi. Kulipia mara 8000 katika hali hiyo ni kununua baiskeli ya mbio kwa ajili ya njia ya mchanga.

Sisemi kwamba kipokezi hakina maana. Kwa gemu ya kufyatuliana risasi, kipokezi ni bora kuliko Bluetooth, si kwa kasi tu bali kwa kuwa mawasiliano yake hayayumbi, na mkono unahisi upesi kibodi inayositasita. Kinachonishangaza ni jinsi wanunuzi wanavyoidharau Bluetooth, wakati ndiyo inayowezesha kibodi hiyohiyo kuunganishwa na simu ya Android umeme unapokatika na kompyuta imeishiwa chaji, ili mwanafunzi amalizie kazi yake kwenye simu. Falchion ya awali, pamoja na sifa zake zote, haina Bluetooth: ukipoteza kipokezi chake unabaki na waya tu. Razer BlackWidow V3 Mini HyperSpeed ya mwaka 2021, ambayo nayo ina vitufe 68 hivi pamoja na mishale, ina njia zote tatu: kipokezi, Bluetooth na waya. Nikiwa hapo niongeze jambo dogo la kiufundi ambalo limewasumbua wengi: tundu la USB 3.0, hasa likiwa na diski ya nje inayofanya kazi, hutoa kelele za redio katika mawimbi yaleyale ya gigahezi 2.4, na kipokezi kilichochomekwa ubavuni mwake kinaweza kupoteza mawasiliano kwa vipindi. Kabla ya kuihukumu kibodi, hamishia kipokezi kwenye tundu la upande mwingine au kitumie na waya mfupi wa kurefusha.

Betri nayo inatangazwa kwa hila kidogo. K70 Pro Mini Wireless hukaa hadi saa 200 kwa mujibu wa mtengenezaji, lakini hizo ni saa za taa zikiwa zimezimwa. Zikiwashwa, zinashuka hadi 32. Falchion inatajwa kufika saa 450 bila taa, na BlackWidow V3 Mini saa 200. G915 TKL hutajwa kwa saa 40 ikiwa na mwanga kamili, na naipongeza kampuni kwa kuweka wazi namba ya taa zikiwaka. Ushauri wangu kwa wateja ni mmoja: zima taa. Anayeijua kibodi yake haiangalii, na asiyeijua anahitaji mwanga mweupe hafifu, si upinde wa mvua unaozunguka usiku kucha.

Swichi ndilo eneo ambalo fundi ana la kusema zaidi. Swichi ya kawaida ya mitambo, kwa mfano MX Red ya kampuni ya Cherry ya Ujerumani, husajili herufi kitufe kikishuka milimita 2 kati ya 4, kwa kugusanisha vipande viwili vya chuma. Vumbi na unyevu vikiingia hapo, mguso unakuwa mbovu na kibodi inaanza kuandika herufi moja mara mbili au kuiruka. Swichi za mwanga, yaani zinazosajili kwa mwale wa mwanga, kama zilizomo kwenye Pro X 60, na za sumaku, kama za Apex Pro Mini, hazina mguso wa chuma wa namna hiyo, hivyo ugonjwa huo hauzipati. Za sumaku zina jambo la ziada, kwamba mtumiaji anachagua mwenyewe kina cha kusajili. Katika Apex Pro Mini ni kuanzia milimita 0.2 hadi 3.8. Hiyo ni sifa ya daraja la juu ninayoikubali, kwa sababu inamruhusu mtu aweke kina kifupi kwa gemu na kirefu kwa kuandika, asije akajaza ripoti herufi asizokusudia. Lakini ilipotoka kibodi hiyo iliuzwa karibu dola 240 za Marekani, kabla ya usafirishaji na kodi, na swichi moja ikifa hapa Tabora hutapata ya kuweka badala yake.

Kwa upande wa kutengeneza, kibodi yenye swichi zinazochomoka kwa mkono bila kulehemu inazishinda zote. Tangu hataza ya Cherry, yaani haki yake ya pekee juu ya muundo wa swichi zake, imalizike, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vinatengeneza swichi zinazoingia kwenye matundu yaleyale, na pakiti ya akiba inakaa mfukoni. Kati ya zile za bei ya juu nilizozitaja, K70 Pro Mini Wireless ndiyo yenye matundu ya namna hiyo, ila ina vitufe 61. Falchion na BlackWidow V3 Mini zina mishale, lakini swichi zake zimelehemiwa. Kwa maneno mengine, mwenye dola 180 anayenunua mojawapo ya hizo analazimika kuchagua kati ya mishale na uwezo wa kubadilisha swichi, wakati RK68 ya Royal Kludge, kibodi isiyosifika kwa lolote kwenye matangazo makubwa, ina toleo lenye vyote viwili pamoja na Bluetooth na kipokezi, kwa bei iliyo chini sana. Neno muhimu hapo ni toleo. Kibodi za kampuni hiyo huuzwa kwa jina moja zikiwa na maumbile tofauti ndani. Nyingine zina Bluetooth tu, nyingine swichi zake hazichomoki, na muuzaji asiyejua tofauti atakupa yoyote. Keychron K6 nayo ni nzuri na ina betri ya mAh 4000, ila haina kipokezi, kwa hiyo naipendekeza kwa mwandishi anayecheza kidogo, si kwa mchezaji anayeandika kidogo.

Ipo pia sifa ya gharama inayoweza kumponza mnunuzi. Mwaka 2024 baadhi ya watengenezaji walianza kuweka ndani ya kibodi uwezo wa kuachia kitufe cha mwelekeo mmoja chenyewe mara cha mwelekeo wa pili kinapobonyezwa, ili mchezaji asimame na kugeuka bila kosa. Agosti mwaka huohuo Valve ilikataza jambo hilo katika Counter-Strike 2, na anayebainika kwenye seva zake rasmi huondolewa mechini. Uwezo huo huzimwa kwenye mipangilio, lakini aliyeuziwa kibodi kwa sababu yake bila kuambiwa hayo ana haki ya kulalamika.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mwanafunzi wa Tabora au Kigoma mwenye kibodi moja kwa kazi zote ningempa ya vitufe 68, yenye Bluetooth na kipokezi, swichi za kuchomoka na kasi ya mara 1000, na fedha iliyobaki aitumie kununua kasha gumu na pakiti ya swichi za akiba. Mwenye uwezo zaidi ambaye haandiki sana, na anayeweza kuirudisha dukani Dar es Salaam ikiharibika, achukue Apex Pro Mini bila kusita. Ninaliomba gazeti lako, kila linapochapisha tangazo au makala ya vifaa hivi, limtake muuzaji ataje idadi ya vitufe, njia za kuunganisha, saa za betri taa zikiwaka, na kama swichi zinachomoka au zimelehemiwa. Maelezo hayo yanatosha mstari mmoja chini ya picha.

Msomaji wako,
Fundi wa kompyuta,
Ng'ambo, Tabora.