Yah: Malalamiko kuhusu baiskeli ya milimani mliyoniuzia kwa ahadi kwamba inaboresheka

Moshi,
9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Kibosho. Naishi Moshi mjini, na siku tatu kwa wiki hupanda kwenda kazini kwa baiskeli, nikipita njia za ndani zilizo katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachaga. Tarehe 22 Februari 2025 nilinunua katika duka lenu la Arusha baiskeli ya milimani ya magurudumu ya inchi 29, fremu ya aluminiamu, shokapu mbele tu, kwa shilingi 870,000 taslimu. Fedha hizo zilikuwa zamu yangu ya mchezo wa walimu pamoja na akiba niliyoanza kuiweka Septemba mwaka jana.

Naanza na mambo ambayo siyalalamikii, ili tusipotezeane muda. Silalamiki kwamba baiskeli ina gia za Shimano Tourney, za kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli. Hilo ni daraja la chini la Shimano, nililijua kabla sijalipa, na kwa kazi yake linatosha. Silalamiki kwamba breki ni za waya na si za mafuta, wala kwamba baiskeli ni nzito. Watu husema rahisi ni ghali, nami nilikubali kupata cha bei yake.

Ninacholalamikia ni maneno. Bango la dukani kwenu, ambalo nimelipiga picha na kuliambatisha, linasema: “Anza nayo leo, iboreshe kidogo kidogo.” Chini yake mmeorodhesha kwamba fremu inapokea shokapu yoyote ya kisasa, kwamba gia za nyuma zinapandishwa kutoka 7 hadi 10 au 11 “kwa kubadilisha meno tu”, kwamba shokapu iliyopo inabonyea milimita 100, na kwamba meno ya nyuma ni 14 hadi 34. Nilimuuliza kijana wa mauzo mara mbili kuhusu hilo la gia. Mara zote mbili alijibu, “Mwalimu, hii fremu unakaa nayo miaka kumi, unabadilisha vitu tu.” Nililipa kwa sababu ya sentensi hiyo.

Naomba mwelewe kwa nini ilikuwa na uzito. Mtu wa kipato changu hawezi kutoa milioni tatu kwa mkupuo. Ndivyo tunavyojenga hata nyumba zetu: msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, bati Mungu akijalia. Kwa hiyo anayenunua baiskeli ya bei hii hutazama fremu kwanza, maana vingine vyote vitachakaa na kubadilishwa. Tairi zitaisha. Cheni itaisha. Fremu inabaki, na thamani ya baiskeli nzima iko katika kile ambacho fremu na magurudumu yake yatakubali kesho. Msingi wa chumba kimoja haupandishiwi ghorofa, na aliyekuuzia msingi huo akikwambia unabeba ghorofa amekudanganya, hata kama matofali yake ni mazuri.

Tarehe 27 Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza, nilikuwa napanda kwenda shule saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa kwenye gia nyepesi kuliko zote, nimekaa, sijasimama juu ya pedeli. Nikasikia mlio mdogo kama kijiti kimekatika, kisha gurudumu la nyuma likaanza kusugua fremu. Nilidhani nimepata pancha. Tairi lilikuwa limejaa. Nilisukuma baiskeli kwenye tope hadi shuleni nikachelewa kipindi cha kwanza, na jioni nikaishusha mjini kwa daladala hadi kwa fundi wangu.

Fundi alifungua gurudumu, akalegeza ule mkono wa kufungulia, akavuta ekseli, ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya gurudumu, upande wa kushoto. Kilitoka kipande kama cha urefu wa kidole. Kipande kingine akakitoa upande wa friwili kwa koleo. Alivipanga viwili hivyo kwenye kiganja chenye grisi, akaniambia, “Njoo uone mwenyewe mwalimu. Sehemu kubwa ya huu mkato ina kutu. Haikuvunjika leo, leo imemalizia tu.” Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii: “Nitakuwekea nyingine, lakini itarudi. Hii habu ni ya friwili.”

Nyinyi mnauza baiskeli, mnajua tofauti. Naiandika kwa sababu bango lenu limeificha. Habu ni kile kitovu cha gurudumu. Katika habu ya friwili, meno yote ya nyuma ni kitu kimoja kinachokazwa kwa nyuzi juu ya habu, na gololi za upande wa kulia zinakaa ndani ya habu, mbali na fremu. Kati ya gololi hizo na fremu ekseli haina kitu cha kuishikilia, na kadiri meno yanavyoongezeka ndivyo nafasi hiyo inavyorefuka. Ni nyenzo, mada ninayoifundisha darasani: uzito uleule, ukiusogeza mbali na egemeo, unapinda zaidi. Katika habu ya kaseti, ambayo meno yake huchomekwa juu ya habu badala ya kukazwa kwa nyuzi, muundo ambao Shimano waliutoa mwaka 1978, gololi za kulia zimesogezwa nje hadi karibu na fremu, na ekseli inapumzika. Ndiyo maana baiskeli za milimani zilizokusudiwa milima kweli hutumia kaseti, na ndiyo maana friwili kwa kawaida huishia gia 7.

Maana yake, “kubadilisha meno tu” haiwezekani kwenye baiskeli yenu. Kaseti ya gia 10 haina pa kukaa kwenye habu ya friwili. Anayetaka gia 10 lazima anunue gurudumu zima la nyuma au asukiwe habu mpya, kisha kaseti, cheni, kihamisha cheni cha nyuma, na kibonyezo cha gia kwenye usukani. Haya yanafahamika na kila fundi baiskeli. Kampuni inayoagiza baiskeli kwa makontena haiwezi kusema haikujua.

Ekseli ya pili ilidumu hadi tarehe 19 Mei. Haikuvunjika, ilipinda.

Baada ya hapo nilipata wasiwasi na orodha nzima ya bango, nikachukua vernia kaliper, kifaa cha kupimia kipenyo, ya maabara ya shule na kumwomba fundi aitoe shokapu ya mbele. Bomba la shingo la fremu, pale shina la shokapu linapopita, lina kipenyo cha ndani cha milimita 34 juu na milimita 34 chini. Ni bomba nyoofu. Shokapu nyingi nzuri za kisasa zina shina linalotanuka chini, inchi 1 na moja ya nane juu na inchi 1 na nusu chini, na shina hilo haliingii kwenye bomba la milimita 34 kwa dawa yoyote. Bomba lenu lingekuwa la milimita 44, lingekubali kwa kuwekewa kikombe cha chini cha nje, na nisingeandika aya hii. Shokapu zenye shina nyoofu bado zinatengenezwa, lakini chaguo ni dogo na nyingi ni za daraja lilelile ninalotaka kutoka. Hizo mpya, hata kama shina lingeingia, nyingi zina ekseli nene ya milimita 15 na zingenidai gurudumu jipya la mbele. Sasa mtu aliyeandika “shokapu yoyote ya kisasa” alipima nini?

Shokapu iliyopo nayo niliipima. Nilifunga raba bendi kwenye mguu wake, nikashuka njia yangu ya kila siku yenye mizizi na mawe, nikasoma mahali raba ilipofika: milimita 58. Nikarudia nikiikandamiza kwa uzito wangu wote hadi ikagonga chuma kwa chuma: 63. Bango linasema 100.

Meno ya nyuma niliyahesabu kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Duara kubwa lina meno 28, siyo 34. Huenda kwenu ni tofauti ndogo. Kwa gia nyepesi kabisa, meno 24 mbele na 28 nyuma, baiskeli inasogea karibu mita 1.96 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ingekuwa 34 kama mlivyoandika, ingesogea mita 1.62. Kwenye miteremko ya Kibosho tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu anafika juu akiendesha au akisukuma.

Ili kuwatendea haki, fremu yenyewe imechomelewa vizuri na haijapinda. Sikio linaloshika kihamisha cheni linafunguka kwa skrubu, likipinda unabadilisha hilo peke yake. Sehemu ya krenki ni ya nyuzi za kawaida, vipuri vyake havisumbui. Tairi nilizibadilisha ndani ya mwezi wa kwanza wa kuitumia na baiskeli ikashika tope vizuri zaidi, na hayo ndiyo maboresho pekee yaliyolipa. Mngeliniambia ukweli huu, kwamba ni baiskeli ya kwenda sokoni na barabara za vumbi, ya kubadilishwa tairi na breki na basi, na mkaniuzia kwa bei inayolingana na hayo, pengine ningeinunua na kuishi nayo kwa amani. Au ningechukua ya mtumba, yenye habu ya kaseti tayari, kwa nusu ya fedha. Uamuzi ulikuwa wangu kufanya, mkanipa taarifa za uongo za kufanyia.

Niliomba bei kwenye duka jingine huko Arusha ili nione kutimiza ahadi ya bango lenu kungenigharimu nini. Gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti, shilingi 280,000. Kaseti ya gia 10 na cheni, kihamisha na kibonyezo chake, 310,000. Shokapu ya hewa yenye shina nyoofu, ya kuagiza, 450,000. Jumla 1,040,000, juu ya 870,000 nilizokwisha kuwapa.

Nilipowaandikia kwa WhatsApp tarehe 21 Mei, mhudumu wenu alijibu kwamba ekseli ni “kipuri cha kuchakaa” na kuniuliza kama nilipakia mzigo kupita kiasi. Nina kilo 84. Siku ile nilikuwa na begi lenye daftari 40 za kidato cha pili, ambalo nimelipima: kilo 6. Kijitabu chenu kinaruhusu kilo 110. Nilieleza hivyo, na tangu hapo sijajibiwa.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike barua kamili badala ya kuumia kimya. Wanafunzi wangu watatu wa kidato cha nne waliiona baiskeli hii mwezi wa pili, na mimi, kwa kuamini bango lenu, niliwaambia ni mahali pazuri pa kuanzia. Mmoja, ambaye baba yake anauza kahawa kwenye chama cha msingi, alirudi na kuniambia familia imekubali kuitenga fedha ya msimu huu kwa ajili hiyo. Nimemwita na kumwonyesha vipande viwili vya ekseli. Bado dukani kwenu kuna bango lilelile, na wapo wanafunzi wa walimu wengine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 870,000 mkaichukua baiskeli, au mnibadilishie kwa baiskeli inayolingana na maneno ya bango: habu ya kaseti, bomba la shingo linalokubali shina lililotanuka, shokapu ya milimita 100 za kweli. Mnirudishie pia shilingi 38,000 nilizotumia kwa ekseli mbili, gololi na ufundi. Na mliondoe bango hilo katika maduka yenu yote, badala yake muandike kwa kila baiskeli ya milimani kama habu ni ya friwili au ya kaseti, na kipenyo cha bomba la shingo juu na chini. Ni mistari miwili, na mnunuzi akiisoma hatahitaji kuamini mdomo wa mtu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ningependa tumalizane wenyewe. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho vyake vyote.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha ya bango, picha za vipimo zikionyesha kaliper ikiwa mahali pake, nakala ya mazungumzo yetu ya WhatsApp, na picha ya ekseli iliyovunjika. Ekseli yenyewe ipo kwangu kwenye bahasha. Baiskeli nimeisafisha na ipo tayari kukaguliwa na fundi wenu siku yoyote ya wiki baada ya saa tisa alasiri, au Jumamosi kutwa. Akija, naomba aje na kaliper yake.

Wenu,
Mwalimu, mteja wenu wa duka la Arusha