Kuona viwiliwili ghafla siyo kesi ya miwani

Mhariri, naomba kanafasi maana hili jambo linanikera siku nyingi. Kila ikifika tarehe 29 Oktoba, siku ya kiharusi duniani, tunaambiwa tuangalie mdomo kama umepinda, mkono kama umelegea na maneno kama hayatoki vizuri, basi, imeisha hiyo. Macho yanasahaulika, ndo maana mtu akianza kuona vitu viwiliwili anakimbilia duka la miwani.

Shemeji yangu fundi cherehani, mtu wa presha na dawa anameza akijisikia, aliamka anaona milango miwili, akimimina chai inaenda mezani, ukimwangalia jicho la kulia limevutwa puani na ukimwambia tazama kulia linaishia katikati linagoma. Duka la miwani alikopelekwa wakamsomesha herufi wakamuuzia miwani, presha hakuna aliyegusa! Jirani naye akaja na habari za kutupiwa kitu. Mpaka uso upande wa kulia ulipolegea na mkono na mguu wa kushoto vikaisha nguvu ndo tukakimbizana hospitali, na CT (picha ya kichwa ya mionzi) ya kwanza ikatoka safi kabisa, ikabidi MRI (picha ya sumaku), maana mfupa mnene wa kisogoni unaichanganya sana CT.

Kumbe macho yanaendeshwa na neva (mishipa ya fahamu) tatu kati ya zile jozi 12 za kichwani, ya 3, ya 4 na ya 6, na zote chanzo chake ni shina la ubongo, kale kasehemu kanakounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ya 6 kazi yake moja tu, kuvuta jicho liende upande wa sikio, ikigoma msuli wa ndani unabaki hauna mpinzani ndo jicho linakimbilia puani. Sasa hapohapo imebanana na neva ya 7 ya uso, na njia ya kupeleka nguvu mkononi na mguuni inapita palepale kabla haijavuka upande wa pili huko chini, kwa hiyo damu ikikatika hapo jicho na uso vinaharibika kulia, mkono na mguu unapooza kushoto. Madaktari wa Kifaransa Millard na Gubler walishaandika haya tangu 1856, siyo ugonjwa wa juzi jamani.

Cha kufanya nyumbani ni kuziba jicho moja halafu lingine. Ukiziba lolote na viwili vikawa kimoja, ujue macho hayaendi pamoja, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukiziba moja na lililobaki bado linaona viwili, hapo mara nyingi ni jicho lenyewe, mtoto wa jicho na mambo kama hayo. Siyo kila anayeona viwili ana kiharusi, sukari nayo inaweza kuiumiza neva ileile nje ya ubongo na wengi wanarudi sawa baada ya miezi kadhaa, ila hiyo aamue daktari, siyo sisi barazani, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inataka ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Wenye maduka ya miwani nao wanunue mashine ya presha, siyo ghali hivyo. Na nyie gazetini, Oktoba mkichora tena ile picha ya dalili za kiharusi, ongezeni jicho.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam