Malalamiko: meseji zenu zimetoa siri yangu nyumbani

Kwenu watu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa ushauri wa saikolojia kwa video, nilijiunga baada ya kujifungua, nilikuwa silali hata mtoto akilala, nalia tu, na huku niliko kumpata mwanasaikolojia ana kwa ana ni mpaka upande basi na kichanga. Dada anayenihudumia sina shida naye kabisa, amenisaidia sana.

Shida ni nyie wa ofisini. Meseji ya kukumbusha mnaandika "usikose kikao chako cha sonona baada ya kujifungua" na jina langu kamili juu, hivi mliwaza simu za watu zinakaa wapi? Yangu ilikuwa sebuleni inachaji, wifi yangu akaisoma bila hata kuifungua, jioni nyumba nzima inajua, na sasa mama mkwe nikimbeba mtoto anakuja kumchukua eti nisije nikamdhuru. Mwanangu mwenyewe jamani! Mngeandika tu "una miadi saa kumi" mngepungukiwa nini??

Halafu lile dodoso la mwanzoni, linauliza ndoa, usingizi, kama umewahi kuwaza kujiua, yale majibu yanaenda wapi? Nimeuliza kwenye chati nikajibiwa na roboti kwamba faragha yangu ni muhimu, basi. Nauliza kwa sababu Marekani mwaka 2023 BetterHelp, wanaofanya kazi hii hii, waliamriwa kulipa dola milioni 7.8 baada ya taarifa za wateja kupelekwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Na hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti kisheria.

Sasa hiyo meseji ibadilisheni leo, na si yangu tu, ya wateja wote, maana kuna mwanamke akisomewa hiyo na mumewe atapigwa. Nataka pia jibu la maandishi kutoka kwa mtu, sio roboti, nani kapewa namba yangu na majibu yangu. Na tuwekeeni kuongea kwa sauti tu, video inamaliza bando, inakata katikati nalia na muda wa kikao unaendelea kuhesabiwa.

Mwezi ukiisha kimya nawapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kikao kijacho nimeshalipia, dada yule msinibadilishie.